Pumba za Moto

Kila asubuhi Nesta aliamka kabla shangazi yake hajamwita. Alikunja blanketi, akafagia uwanja, akawasha moto kwenye mafiga na kubandika maji. Katika kijiji cha Ihanda, wilayani Mbozi, Julai ikishaingia, umande hulowesha sketi hadi magotini, na watoto wengi huosha vyombo huku wakilia kwa baridi. Nesta hakulia. Aliosha, akasuuza, akapanga vyombo kichanjani, kisha akaenda kuwafungulia kuku.

Majirani walimsifu sana. Mama yake alikuwa amezikwa mvua zilipokuwa zinaishia, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona mtoto huyu wa darasa la sita akitoa chozi. "Ana moyo wa mtu mzima," walisema. Sifa hizo zilikuwa za bure. Nesta hakuwa jasiri hata kidogo. Alikuwa amekufa ganzi. Unajua mguu ulioukalia vibaya, ukiugusa unaona kama ni wa mtu mwingine? Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima na moyo wake. Alikula akipewa, alijibu akiulizwa, na hakuna kilichomuuma wala kumfurahisha.

Baba yake alikuwa Tunduma akipakua malori mpakani, na alikuja nyumbani kwa nadra. Kwa hiyo Nesta aliishi na Shangazi Loisi, dada wa baba yake, mwanamke mchapakazi mwenye ulimi mkali kuliko panga lake la kupogolea kahawa. Vitu vya marehemu vilikuwa vimegawanywa baada ya msiba: khanga huku, sufuria kule. Kuku tu ndio waliomfuata Nesta, mitetea kadhaa na jogoo mmoja mgomvi. Kila mtu kijijini aliwaita kuku wa mama Nesta, kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo tu na atarudi.

Ufugaji wa kuku Ihanda ulikuwa na adui mmoja aliyejulikana na wote, nao ni ugonjwa wa mdondo. Kila mwaka baridi inapoelekea kuisha, mtu mmoja hupeleka kuku wake sokoni Tunduma, akakosa mnunuzi, akarudi nao. Kuku hao huja na ugonjwa, na baada ya siku chache kijiji kizima hubaki na mabanda matupu. Chanjo ya matone ilikuwepo mjini Vwawa, lakini kumkamata kila kuku na kumtia tone machoni ni kazi, na wengi walikuwa wakisema, "Mwaka ujao." Mwaka ujao ukifika, mdondo huwa umeshatangulia.

Ndipo akaja Daktari Raudha. Alikuwa mtafiti wa mifugo kutoka chuo kimoja cha kilimo, mzaliwa wa Tanga, aliyevaa hijabu na buti za mpira na kuilalamikia baridi ya Mbozi kila alipofungua kinywa. Kabla ya kuanza kazi alipita shuleni kuwaeleza wanafunzi jambo lililomleta.

"Kirusi cha mdondo kina ganda," alisema, akichora duara ubaoni. "Kuku akichanjwa, mwili wake hulitambua ganda hilo na kujiandaa kupigana. Sisi hatukuchukua kirusi chenyewe. Tumechukua maelekezo ya kutengeneza kipande kidogo cha ganda lake, tukayapandikiza katika vinasaba vya saladi, ile mboga ya majani mapana. Sasa saladi hiyo ikitoa majani, ndani yake hutengeneza pia kile kipande. Tunayakausha majani, tunayasaga, na kuku anakula chanjo yake bila kushikwa na mtu."

Justine, ambaye kila darasa lina mmoja kama yeye, alinyoosha mkono. "Daktari, kwa hiyo hiyo saladi itaota manyoya?"

Darasa zima lilicheka, na Daktari Raudha naye akacheka. "Haioti manyoya wala haiwiki. Tumeipa maelekezo ya kitu kimoja kidogo tu. Lakini kwa sababu tumeibadilisha, tunaiotesha ndani ya nyumba ya kioo iliyofungwa, na masharti ya kuijaribu ni makali. Bado hatujui kama itafaa huku vijijini. Ndiyo maana nimekuja."

Nesta hakucheka, ila alisikiliza. Jioni Shangazi Loisi alipomwambia amekubali kuku wa mama Nesta waingizwe kwenye jaribio, Nesta alijibu, "Sawa, Shangazi." Nyumba nyingine zilizochaguliwa zilikuwa ya Mama Makene, jirani aliyekuwa amehamia kutoka bondeni Momba, na ya mzee mmoja mlinzi wa ghala la kahawa. Kuku wote wa jaribio walifungiwa bandani. Hawakuruhusiwa kuuzwa wala kuliwa, na mayai yao vilevile.

Kazi ya kusambaza pakiti za unga wa majani kutoka Vwawa alipewa Luka, mdogo wa marehemu mama yake Nesta, kijana aliyekuwa amekaa muda mrefu bila ajira. Alikabidhiwa pia pikipiki ya mradi. Siku ya kwanza aliiosha mara mbili, ingawa ilikuwa safi, akapita nayo uwanjani kwa Shangazi Loisi akipiga honi.

"Umemwona mjomba wako, mama?" alimwuliza Nesta. Alikuwa na kawaida ya kumwita mama. "Sasa mimi ni mtu wa ofisi."

"Nimekuona, Mjomba," alijibu Nesta.

Daktari Raudha mwenyewe alimwonyesha kila mlishaji namna ya kufanya. "Lowesha pumba kwa maji baridi, nyunyiza unga, koroga, wape. Usipike, usipashe. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Daktari."

Usimlaumu Nesta haraka kwa kilichofuata. Asubuhi ya kulisha kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Kuku walikuwa wamejikunyata kwenye kona ya banda, manyoya yamewasimama. Mama yake, asubuhi kama hizo, alikuwa na desturi ya kumimina maji ya moto kwenye pumba, kukoroga kwa mwiko na kuzifunika kidogo, ndipo awape. Kuku akipata cha moto alfajiri, alikuwa akisema, hutaga hata wakati wa kipupwe. Nesta alimimina unga wa kijani kwenye pumba, kisha mikono yake ikafanya alichozoea kuona. Ilichukua birika kutoka mafigani, ikamimina. Mvuke ulipanda ukinuka mboga iliyochemshwa. Hapo tu ndipo alipokumbuka.

Alisimama akiutazama ule mchanganyiko. Pakiti ilikuwa imekwisha. Angeweza kukimbia kwenda kusema, ila hakuona sababu ya kukimbia, maana siku hizo hakuona sababu ya jambo lolote. Aliwapa kuku, wakala kwa pupa.

Unga wa mara ya pili ulikuja baada ya wiki kadhaa. Siku hiyo Luka alichelewa. Pakiti za nyumba nyingine alikuwa amezifikisha jana yake, lakini alipokuwa akileta ya Nesta alipata pancha njiani, akafika alasiri akiwa amejaa vumbi. Kesho yake Nesta alilowesha pumba, akanyunyiza unga, akashika birika. Safari hii alikumbuka kabla ya kumimina. Kuku walikuwa mlangoni wanatetemeka. Mara ya kwanza hakuna aliyejua na hakuna kilichotokea. Akamimina.

Mdondo haukuchelewa. Mwezi wa Agosti mtu mmoja alirudi kutoka Tunduma na kuku waliokosa mnunuzi, na siku si nyingi kijiji kikaanza kunuka kinyesi cha kijani. Kwa Nesta alianza jogoo, yule mgomvi, ambaye asubuhi moja alisimama peke yake mabawa yamelegea. Kisha mitetea wakaanza kupinda shingo na kuzunguka kama waliolewa. Wakafa wote. Kwa Mama Makene, hatua chache kutoka hapo, kuku walikuwa wakichakura bandani mwao kama kawaida, na kwa mlinzi wa ghala pia.

Luka alichimba shimo refu nyuma ya nyumba, wakawachoma kuku na kuwafukia kama masharti yalivyotaka. Shangazi Loisi alijifuta macho kwa pembe ya khanga. Nesta alisimama kando akiangalia moshi. Alijua kwamba alipaswa kuumia. Alijitafuta ndani, hakuona kitu.

Daktari Raudha alifika siku hiyohiyo. Aliinama mbele ya Nesta na kumwuliza kwa upole, "Niambie, mwanangu, ulichanganyaje?"

"Kama ulivyosema, Daktari."

Uongo ulimtoka laini, bila hata kupepesa jicho. Daktari aliinuka na kumgeukia Luka.

"Luka, pakiti ya pili ya nyumba hii ilikaa wapi ulipopata pancha?"

Luka alikuna kichwa. "Kwenye pikipiki, Daktari. Pale kwa fundi."

"Juani?"

"Ndiyo. Kivuli hakikuwepo."

"Nilikwambia nini kuhusu joto?"

"Uliniambia, Daktari. Nimekosa." Hakujitetea zaidi. Tangu dada yake afe, Luka naye alikuwa amepungua maneno.

Daktari Raudha alivuta pumzi. Alisema hawezi kumpa kazi hiyo mtu asiyefuata maelekezo, na kwamba kabla hajaondoka Luka amrudishie pikipiki na ufunguo. Alisema pia kwamba kama unga unaharibika kwa jua la safari moja tu, basi pengine haufai vijijini, na mpango wa kuwapa unga kaya nyingine zilizokuwa zikisubiri zamu utaachwa.

Shangazi Loisi hakungoja mgeni aondoke. "Hebu tazama!" alifoka. "Ndugu wa marehemu ndiye wa kuwaua kuku wa marehemu! Dada yako hata hajapoa kaburini!"

Luka aliinamisha kichwa, akaondoka akiikokota pikipiki bila kuiwasha. Nesta alisikia kila neno. Alijua vilevile kwamba neno lake moja lingemrudishia mjomba wake kazi. Lakini neno hilo lilikuwa mbali sana, na yeye alikuwa amechoka, basi akaingia ndani kuchambua maharage.

Kesho yake alikwenda kijitoni kuchota maji. Luka alikuwepo, amekunja suruali, anaosha pikipiki.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama." Aliendelea kusugua gurudumu. "Nairudisha leo. Kibarua kimeota nyasi."

Nesta alitumbukiza ndoo majini. Luka aliacha kusugua, akaja akachuchumaa karibu yake.

"Nesta, nilitaka kukuambia kitu. Wale kuku walikuwa wa dada yangu, na wewe ndiye uliyebaki nao. Ningejua, ile pakiti ningeikumbatia chini ya koti hadi nyumbani. Nisamehe, mama. Usinichukie."

Nesta alimtazama. Mtu mzima, mjomba wake, amechuchumaa kwenye tope anamwomba radhi kwa kosa lisilo lake. Hapo ndipo kitu kilipomchoma kifuani, kwa ghafla na kwa nguvu, mpaka akaachia mpini wa ndoo. Ganzi ikianza kuachia huuma kuliko jeraha.

"Mjomba, si wewe," alisema. "Ni mimi. Nilimimina maji ya moto. Mara zote mbili."

Luka hakuelewa mara moja. Nesta alirudia, safari hii kwa haraka, akimweleza birika, mvuke, na jinsi mara ya pili alivyofanya huku akijua. Luka alitazama maji yanavyopita. Uso wake ulikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

"Ulinisikia nikifokewa," alisema hatimaye.

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, Mjomba."

Luka alisimama, akajikung'uta. "Panda," akasema. "Hayo maneno nisiyaseme mimi. Yaseme wewe."

Walimkuta Daktari Raudha ofisi ya kijiji akifunga masanduku yake. Nesta alisimama mbele ya meza akasema yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kujitetea. Alitegemea kufokewa. Daktari alimwuliza swali moja tu.

"Kwa nini maji ya moto?"

"Ndivyo mama alivyokuwa akiwafanyia," Nesta alijibu. "Kukiwa na baridi. Mama alikuwa..."

Hakumaliza. Kilio kilimtoka kwa kishindo, kile cha msibani ambacho hakikutoka msibani. Aliwalilia kuku, akamlilia mjomba, akamlilia zaidi mama yake ambaye hatatoka tena na birika alfajiri. Luka alimshika bega, na yeye mwenyewe akageuza uso dirishani. Daktari Raudha aliketi, akawaacha walie.

Alipotulia, Daktari alimsogezea kikombe cha maji. "Umewahi kuangalia ute wa yai ukiingia kwenye mafuta ya moto?"

"Ndiyo. Unageuka mweupe."

"Unaweza kuurudisha ukawa maji kama mwanzo?"

"Hapana."

"Kile kipande cha chanjo kiko hivyohivyo. Kikiungua hakirudi. Kuku wako walikula mboga tu." Kisha sauti yake ikawa kali kidogo, kama inavyopasa. "Kumimina mara ya kwanza ulipitiwa, na binadamu hupitiwa. Lakini uliponijibu 'kama ulivyosema', ulinifanya nimfukuze kijana wa watu kwa kosa la pancha. Na nilikuwa naenda kuandika kwamba dawa hii haifai, kumbe haikupata hata nafasi ya kufanya kazi. Uongo wako ungekwenda mbali kuliko wewe."

Alimwambia Luka abaki na ufunguo, akamwomba radhi. Kisha akamwambia Nesta kwamba haondoki tena, kesho yake ataitisha mkutano wa wafugaji, naye ayaseme hayo mbele yao.

Nesta alitamani ardhi ipasuke. Siku ya mkutano alisimama mbele ya akina mama waliojifunika vitenge, akasema, "Kuku wetu walikufa kwa sababu niliupasha unga kwa maji ya moto. Mjomba Luka hana kosa. Nilidanganya."

Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza kwa mshangao, "Jamani! Kwani hawapashiwi? Na baridi hii?"

"Mimi ningepasha," mwingine akadakia.

"Nani haoni huruma kumpa kuku pumba za baridi Julai?"

Mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, bila kuombwa. Karibu kila mama aliyekuwa akisubiri unga alikuwa na desturi ileile. Daktari Raudha alitazama mikono hiyo akiwa ameduwaa. Alikuwa amewaambia walishaji wasipashe, lakini hakuwahi kuwauliza kuku wao hula nini asubuhi ya baridi wala kuwaeleza kwa nini anakataza.

Mama Makene akasimama, mikono kiunoni. "Ndugu zangu, mnaniita mvivu kwa sababu siwashi moto mpaka jua litoke. Haya, kuku wa nani wako hai?"

Watu walicheka hadi benchi moja likaanguka. Hata Luka alicheka. Daktari Raudha akawaeleza upya, kwa mfano wa ute wa yai, nao wakakubaliana: siku za unga ni pumba za baridi, na anayewaonea kuku huruma awapashie mlo wa jioni. Mpango haukuachwa. Ilisemwa wazi kwamba bado ni jaribio, huenda likafaulu, huenda lisifaulu, lakini sasa lingefanywa kwa haki, na Luka ndiye angepeleka pakiti.

Jioni Shangazi Loisi na Nesta walikaa jikoni wakimenya viazi.

"Ulipomfuata mama yako," alisema Shangazi, "mikono yako ilikosea kwa mapenzi. Kosa la namna hiyo lina dawa, na dawa yake ni kulisema mapema. Mdomo wako ulikosea kwa kunyamaza, na kunyamaza huko nusura kummeze mjomba wako na kuku wa kijiji kizima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, mwanangu, sema, hata kama sauti inatetemeka. Na ukiumia, sema pia. Sisi tulikuona hulii, tukadhani umepona."

Nesta aliitikia kwa kichwa, macho yamejaa tena. Safari hii hakuyazuia.

"Mimi nami nina langu," Shangazi aliendelea, akiweka kisu chini. "Nilimtukana Luka mbele ya mgeni, na sikumwuliza hata neno moja kwanza. Kesho tutakwenda kwake wote wawili."

"Mimi nilishamwomba radhi, Shangazi. Si ungenituma tu nimpelekee na yako?"

"Hapana," alisema Shangazi Loisi. "Msamaha hautumwi mtoto. Kila mtu hubeba wake kwa miguu yake."